Pini ndogo iliyonifunza adabu

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Leo ningependa kumsimulia msomaji habari za mwiba wangu, ambao haukuwa mwiba wa mti wala wa samaki, bali kipande cha mfupa kisichofika urefu wa kidole cha mtoto. Ni kitu ambacho wengi wetu tumekiona mara nyingi bila kukitazama: pini inayoshikilia uzi wa gitaa pale chini, kwenye daraja lake.

Najua kuna atakayeguna. Ataniuliza kama nimekosa la kuandika ilhali shule zetu zimejaa shida za karo, za vitabu na za uhaba wa walimu. Namwomba subira. Pini ninayoizungumzia ilikaribia kuliua gitaa lililodumu zaidi ya nusu karne, na ilimnyima mwanafunzi wangu mmoja jambo ambalo sikuweza kumrudishia. Aidha, kosa halikuwa la pini. Kosa lilikuwa langu mimi niliyejiita mwalimu.

Gitaa lenyewe lilikuwa la marehemu babangu. Naye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Magharibi, na alilinunua mwaka 1966 kutoka kwa mwanamuziki aliyekuwa amerejea nyumbani kutoka Nairobi akiwa hana nauli ya kurudi. Hizo zilikuwa zama za gita kavu, yaani gitaa lisilotumia umeme. Mwenda Jean-Bosco, yule Mkongo aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, alikuwa amekwisha kufika Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuwaonyesha vijana wetu jinsi kidole gumba na cha shahada vinavyoweza kufanya kazi ya watu wawili. Nasi kwetu tulikuwa na mtindo wetu wa omutibo, aliousifika nao George Mukabi hadi alipofariki mwaka 1963, ambapo gitaa huandamana na mkwaruzo wa chupa ya Fanta. Babangu hakuwahi kurekodi hata wimbo mmoja. Alipiga jioni, chini ya mwembe, baada ya kusahihisha madaftari. Alipoaga dunia mwaka 2004, ndugu zangu waligawana ng'ombe na shamba. Mimi nikaomba gitaa, nao wakanipa huku wakinicheka.

Lilikuwa gitaa la ajabu kidogo. Jina la mtengenezaji lilikuwa limefutika, na pini zake 6 hazikufanana na zile nilizoziona madukani. Zilikuwa nene kuliko kawaida, za rangi ya maziwa yaliyoanza kuganda, na hazikuwa na mfereji ubavuni. Babangu alizoea kutuambia kwa fahari kwamba zilikuwa za pembe ya ndovu. Nasi tuliamini, kwani nani angembishia?

Kabla sijaendelea, hebu nimweleze msomaji asiyepiga gitaa kazi ya kipande hiki. Gitaa la nyuzi za chuma huwa na daraja la mti lililogundishwa kwenye ubao wa mbele. Daraja hilo lina matundu 6, na kila tundu hupenya hadi ndani ya tumbo la gitaa, ambako kuna kibao kigumu kilichobandikwa ili kuutia nguvu ule ubao mwembamba. Mwisho wa kila uzi una kipete kidogo cha shaba. Kipete hushushwa tunduni, kisha pini ikatiwa nyuma yake. Uzi unapokazwa, kipete huvutwa juu na kukwama chini ya kile kibao cha ndani.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, nami nikiwa mmojawapo. Tunadhani kwamba pini huushikilia uzi kwa kubanwa kwa nguvu, kama kizibo kwenye chupa. La hasha! Uzi hushikiliwa na kipete kinachong'ang'ania kibao. Kazi ya pini ni kukizuia kipete kisirudi nyuma na kuchomoka kupitia tundu lilelile kilikopitia. Pini ni bawabu tu. Mzigo wenyewe ni wa kibao, na si mzigo mdogo: seti nyepesi ya kawaida ya nyuzi za chuma, ikikazwa sawasawa, huvuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70. Huo ni uzito wa mtu mzima aliyening'inia kwenye ubao ambao unene wake ni milimita chache tu, usiku na mchana.

Si magitaa yote yaliyo na pini. Yale ya nyuzi za nailoni hufungwa kwa fundo darajani, na wapo watengenezaji, kama Ovation wa Marekani na Lowden wa Ireland Kaskazini, ambao wametengeneza magitaa ya nyuzi za chuma zinazopitishwa kwa nyuma ya daraja bila pini yoyote. Lakini mengi tunayoyakuta shuleni yana pini, na kila penye pini sita pana uwezekano wa kupoteza moja.

Nasi tukapoteza moja. Mwaka 2018 nilikuwa nikifundisha katika shule ya upili ya kutwa, na nilikuwa na mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne, msichana mkimya, aliyekuwa amechagua somo la muziki. Msomaji anayeujua mtihani wa KCSE anafahamu kuwa mtahiniwa wa muziki hutakiwa kuimba au kupiga ala mbele ya mtahini. Msichana huyu hakuwa na ala. Nikampa gitaa la babangu, akalipiga kwa muda wa mwaka mzima, hadi shingo lile pana likawa kama sehemu ya mkono wake. Nilipomsikia jioni akijifunza nyuma ya maabara, kuna nyakati nilisimama nikidhani kwamba nimerudi chini ya ule mwembe.

Zikiwa zimesalia wiki tatu mtihani ufanyike, uzi wa tatu ulikatika. Wenzake walitaka kumsaidia, wakaing'oa pini kwa koleo bila kuulegeza uzi uliobaki. Pini ikaruka dirishani, ikaangukia nyasini, na tangu siku hiyo haijaonekana. Wakachonga nyingine kwa penseli. Ilidumu dakika kumi, kisha ikafyatuka na kumpiga mmoja wao shavuni. Wakaja kwangu wameinamisha vichwa.

Jumamosi iliyofuata nilipanda matatu hadi mjini na kununua seti mpya ya pini 6 za plastiki. Mwenye duka aliniambia kwamba pini ni pini, na zote ni sawa. Niliamini neno hilo kwa sababu lilinipendeza. Nilipozitia, zilididimia mara moja hadi kwenye kofia zao, na zikawa zinatikisika kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Kila tulipokaza uzi, kipete kiliisukuma pini na kupanda juu, nacho kikaanza kuumega mti wa tundu.

Nikampelekea fundi mmoja ambaye sina haja ya kumtaja. Yeye alikuwa na pini nyingine, nene zaidi, na akaniambia kwamba dawa ilikuwa rahisi: tutapanua tundu kwa kekee, kisha tuigongomee pini kwa nyundo ndogo. Nilimwuliza kama hakuna hatari. Akacheka, akasema magitaa ameyashika maisha yake yote. Nami nilikuwa na haraka. Siku zilikuwa zikiyoyoma. Nikampa ruhusa. Alipogonga mara ya tatu nilisikia sauti ndogo kavu, kama ya kijiti kikivunjwa. Ufa ulikuwa umekwenda kutoka tundu la tatu hadi la nne, kwa kufuata mishipa ya mti. Haraka haraka haina baraka. Nilikuwa nimeifundisha methali hiyo mara ngapi ubaoni?

Mtu aliyeliokoa gitaa alikuwa mzee mmoja seremala, mtengenezaji wa litungu, ambaye shikamoo yangu aliijibu bila kuinua macho kutoka kwenye kazi yake. Alilipokea gitaa, akalipapasa ndani kwa vidole kupitia tundu kubwa la mbele, akanyamaza kwa muda mrefu.

"Mwalimu," akaniambia hatimaye, "nani alikwambia tundu lichongwe ili lifuate pini?"

"Ni haraka, Mzee," nikajibu.

"Pini ndiyo hufuata tundu. Pini ukiikosea utachonga nyingine. Tundu ukilikosea utalia."

Kisha akaniomba chaki. Nilistaajabu, lakini ni mwalimu gani anayekosa kipande cha chaki mfukoni? Akaipaka mojawapo ya pini zangu za plastiki chaki kutoka juu hadi chini, akaitia katika tundu la kwanza ambalo halikuwa limeguswa, akaizungusha taratibu, akaitoa. Chaki ilikuwa imefutika upande wa ncha tu. Juu ilibaki nyeupe. Akafanya vivyo hivyo na pini ya babangu. Hiyo ilifutika chaki sawasawa kutoka shingoni hadi nchani.

Naam, hapo ndipo nilipofumbuliwa macho. Pini hazitofautiani kwa unene peke yake, bali pia kwa jinsi zinavyopungua kuelekea nchani. Pini nyingi za siku hizi hupungua kwa pembe ya digrii 3. Yapo magitaa, hasa ya zamani, yaliyochongewa matundu ya digrii 5. Mwalimu wa hisabati na awape wanafunzi wake hesabu hii: katika urefu wa sentimita 2, pini ya digrii 3 hupungua kipenyo kwa takriban milimita 1, ilhali ile ya digrii 5 hupungua kwa karibu milimita 1.75. Tofauti hiyo haifiki milimita moja, lakini yatosha kuifanya pini igusane na tundu mahali pamoja tu badala ya kulikumbatia lote. Pini ya digrii 3 katika tundu la digrii 5 hugusa chini na kucheza juu. Ya digrii 5 katika tundu la digrii 3 hukaza shingoni na kuning'inia chini, kwa hivyo humdanganya mwenyewe kwamba imeingia barabara.

Isitoshe, kulikuwa na jambo la mfereji. Daraja la gitaa la babangu lilikuwa na mfereji uliochongwa kwenye mti wenyewe, mbele ya kila tundu, ili uzi upite humo. Ndiyo maana pini zake zilikuwa nzima. Pini nilizonunua zilikuwa na mfereji wake zenyewe. Mfereji ukikabiliana na mfereji, hubaki nafasi pana ambamo kipete huweza kuponyoka na kupanda. Yule mzee alisema kwamba anayelazimika kutumia pini ya namna hiyo katika daraja la namna hiyo heri aigeuze, mfereji uelekee nyuma, ili kipete kikutane na upande mzima.

Lilibaki swali moja lililonikosesha usingizi. Kama pini za babangu zilikuwa za pembe ya ndovu, nilikuwa na haki gani ya kuzitumia, na ningepata wapi ya sita? Mambo haya hayako mbali nasi. Katika karne ya 19, pembe zilizosafirishwa kutoka bara hadi Unguja zilivushwa bahari hadi viwanda vya Connecticut, Marekani, zikakatwa kuwa vibonyezo vya piano. Na watengenezaji wa magitaa ya fahari, akiwemo C. F. Martin aliyehamia New York kutoka Ujerumani mwaka 1833, nao walitumia pembe kwa pini. Sisi Wakenya tulichoma tani 12 za pembe katika Mbuga ya Nairobi mwezi Julai 1989, miezi michache kabla ya mataifa kukubaliana kupiga marufuku biashara hiyo, na tukachoma tani 105 mnamo Aprili 2016. Je, mwalimu aliyewafundisha wanafunzi kuhusu moto ule angetembea na ndovu kwenye gitaa lake?

Mwenzangu wa somo la biolojia ndiye aliyenitua mzigo. Tuliitazama mojawapo ya pini zile kwa lenzi, pale kichwani ilipokatwa mkingamo. Pembe ya ndovu, alinieleza, huonyesha mistari myembamba inayopishana kama wavu. Mfupa huonyesha vitone vidogo vyeusi, ambavyo ni mifereji iliyokuwa ikipitisha damu. Pini za babangu zilikuwa zimejaa vitone. Zilikuwa za mfupa, pengine wa ng'ombe, sawa na wale tuliowarithi. Nilicheka, kisha nikahuzunika kidogo, kwa maana hadithi ya utotoni ilikuwa imekufa. Hata hivyo nilimshukuru Mungu kwamba babangu hakuwahi kujua.

Kwa hiyo dawa ilikuwa kwa muuza nyama. Tulipata mfupa wa mguu wa ng'ombe, yule mzee akauchemsha, akaukwangua mafuta, akauanika hadi ukakauka barabara. Aliuziba ufa kwa gundi, akalijaza tundu lililoharibiwa kwa kipande cha mti mgumu, akabandika kiraka ndani pale kibao kilipolika, kisha akalichonga tundu upya kwa chuma chenye makali alichokisaga mwenyewe kutoka kwenye tupa kuukuu, kikiwa na mchongoko uleule wa matundu mengine. Pini mpya aliipunguza kidogo kidogo, akipaka chaki, akijaribu, akikwangua, akipaka tena. Alikataa katakata kuharakishwa. Gundi ina saa yake, alisema, na mfupa una siku zake.

Naye alikuwa na haki. Lakini mtihani nao ulikuwa na siku yake. Gitaa lilikamilika siku tano baada ya mtahini kuondoka.

Msichana yule alipiga gitaa la kuazima, jembamba la shingo, ambalo alilishika kwa siku chache tu. Nilisimama nje ya mlango. Katikati ya kipande chake nilisikia vidole vikitafuta nyuzi mahali ambapo hazikuwapo, vikakwama, vikaanza tena. Alipotoka alinitazama akasema, "Mwalimu, gitaa halikuwa na makosa." Alimaanisha lile la kuazima. Nami nilijua ni nani aliyekuwa na makosa. Kama Jumamosi ile ningepima kabla ya kununua, na kama ningemkataza yule fundi kugusa tundu, pini moja ingechongwa kwa siku chache na kazi ikaisha. Alipata alama isiyomstahili, na hajawahi kunilaumu. Laiti angenilaumu.

Basi nia yangu si kuwafanya walimu wote kuwa mafundi wa magitaa. Nia yangu ni kusema kwamba shule zetu hupoteza ala nyingi kwa vitu vidogo visivyogharimu hata bei ya chakula cha mchana, kwa kuwa hakuna aliyewahi kutuonyesha namna ya kuvitunza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na gitaa lililopasuka daraja halina tofauti na nyumba. Nayasema haya machache kwa wale wenye ala mikononi.

Kwanza, ulegeze uzi kabisa kabla ya kuigusa pini. Ikikataa kutoka, tia mkono ndani ya gitaa na uisukume kutoka chini kwa sarafu. Koleo liache kwenye sanduku lake. Pili, unapotia uzi mpya, ishushe pini kwa kidole gumba huku ukiuvuta uzi juu taratibu, mpaka usikie kipete kimekaa chini ya kibao. Pini inayohitaji nyundo si pini ya gitaa hilo. Tatu, kabla ya kununua, chukua pini mojawapo nzima uende nayo dukani, na uipime kwa kipimio cha vernia mahali pawili, chini ya kofia na karibu na ncha. Kila maabara ya fizikia ina kipimio hicho. Nne, usishawishike na rangi wala sifa. Utaambiwa kwamba shaba hung'arisha sauti, na mfupa huitia utamu, na mpingo huipa uzito. Huenda kuna ukweli ndani yake, lakini pini ya plastiki iliyokaa sawasawa ina faida kuliko pini ya thamani inayocheza tunduni. Tano, pini ya zamani usiitupe. Itie katika kiberiti, uandike jina la gitaa juu yake. Pini ya ajabu ndiyo ramani ya tundu la ajabu.

Na kwa walimu wenzangu nina neno moja la mwisho. Nimestaafu sasa, na nimeona mitaala ikibadilika: niliona 8-4-4 ikianza mwaka 1985, nikauona mtaala wa umilisi ukianza kuingia madarasani mwaka 2017. Kila kilipokuja kitu kipya, nilimwona mtu na nyundo yake, akimgongomea mtoto jambo ambalo halikuchongwa kwa kipimo chake, na akishangaa kusikia ile sauti kavu. Vitu vipya ni vyema, wala sivipingi. Lakini mtoto yupo kabla ya mtaala, kama vile tundu lilivyokuwapo kabla ya pini niliyoinunua mjini. Tuanze na chaki. Tuone inapogusa na isipogusa. Kisha tuchonge kile tunacholeta, si yule tunayemletea.

Gitaa la babangu bado liko shuleni kule. Pini yake ya tatu ni nyeupe kuliko zile nyingine 5, na wanafunzi wapya huuliza kwa nini. Nimewaomba walimu wao wawajibu ukweli.